Uzi Ndani ya Ukuta wa Kusini

Kremenovo,
9 Oktoba 2023

Ndugu Mhandisi Paunova,

Salamu nyingi. Tangazo lililobandikwa mlangoni mwa manispaa, katikati ya matangazo mawili ya misiba, linasema mwenye maoni kuhusu jengo la Nyumba ya Utamaduni akuandikie wewe huko Sofia, maana ndiwe utakayeandika ripoti ya kusema libomolewe au libaki. Maoni ninayo, tena ya siku nyingi. Naitwa Stamen Vranchev, nina miaka sabini na sita, na mwaka wa sabini na nne nilikuwa fundi wa kufunga mbao za zege kwenye jengo hilo hilo. Ukuta wa kusini, ule mkubwa usio na dirisha hata moja, mbao zake nilizifunga mimi. Zege halikupigwa plasta, kwa hiyo ukilisogelea utaona mistari ya mbao za msonobari na vifundo vyake vyote. Vingine bado navikumbuka.

Najua wanavyoliita. Friji. Jirani yangu Mitko haimalizi wiki bila kulitukana, naye mkewe alimpata humo humo kwenye dansi ya mavuno. Nikimkumbusha anasema hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kulibomoa. Tunacheka, lakini kwenye karatasi ya kukusanya sahihi ametia yake, na mimi tangu Jumapili sijanywa kahawa kwake.

Uwanja wa mbele siutetei. Julai unaunguza nyayo, Januari bibi zetu wanauvuka wameshikana mikono kama wanaovuka mto. Uchimbueni wote, pandeni miti, sitasema neno. Paa nalo lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, tulilifunika haraka haraka liwahi sherehe za Septemba. Lakini ukuta wa kusini naomba msiuguse. Ni imara, na hilo nakuhakikishia mimi niliyeufunga.

Wako,
Stamen Vranchev


Sofia,
20 Oktoba 2023

Bwana Vranchev,

Nashukuru kwa barua yako. Nimepokea barua mia tatu na kumi na mbili, na karibu zote zinataka jengo liondoke. Wanasema lina giza, lina baridi, linawakumbusha foleni na hotuba. Mtu mmoja ameandika mstari mmoja tu: kila asubuhi akifungua dirisha, jengo linamkaripia. Siwezi kumwambia amekosea. Yeye ndiye anayelitazama kila siku, si mimi.

Michoro mipya ya manispaa inauondoa ukuta wa kusini kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa pale patakuwa na mlango wa maduka na maegesho ya magari. Katika watu wote walioniandikia, ni wewe peke yako unayeuombea ukuta mmoja badala ya jengo zima. Umesema ni imara. Gereza nalo huwa imara, Bwana Vranchev, na hiyo si sababu ya kulipenda.

Nitakuja kupima zege wiki ya pili ya Novemba. Kama unayo sababu nyingine, niandikie wazi kabla ya hapo.

Mhandisi N. Paunova


Sofia,
22 Oktoba 2023

Mama mkubwa mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na ukinisikia unanieleza habari za paka wako hadi salio linakwisha.

Nimepewa kazi ya Kremenovo. Ndiyo, jengo lile lile. Sikuwaambia manispaa kwamba marehemu mama aliendesha kreni pale, wala kwamba alikufa kabla jengo halijaezekwa. Jina la mume wangu limenificha vizuri. Hakuna anayejua kwamba Mhandisi Paunova ni Nevena wa Rusa, na najua si uungwana. Lakini nimelichukia jengo lile miaka arobaini na tisa. Nilikuwa na miaka saba uliponiambia kwamba ndilo lililommaliza, kwa baridi ya kule juu kibandani na vumbi la saruji. Sasa wamenipa kalamu na kuniuliza kama libomolewe. Nataka kulibomoa, Mama mkubwa, na naogopa kwa kuwa nataka sana.

Kuna mzee mmoja, Stamen Vranchev, ameniandikia akiutetea ukuta wa kusini. Anazunguka zunguka, kuna kitu hasemi. Unamkumbuka?

Nevena wako


Burgas,
29 Oktoba 2023

Mwanangu Nevena,

Paka hajambo, ahsante kwa kutouliza. Mimi magoti yamegoma, meno yamebaki manne na hayaonani, lakini kichwa kipo.

Stamen namkumbuka. Alikuwa kijana mwembamba, masikio yametoka nje kama vishikio vya sufuria. Siku ya mazishi ya mama yako alisimama nje ya geti na mfuko wa matufaha, hakuingia. Nikamfuata nikamwambia karibu ndani. Akanisukumia mfuko mikononi akaondoka mbio, hata pole hakusema. Nilidhani alikuwa anampenda. Wengi walimpenda Rusa, hata ambao hawakutakiwa.

Kuhusu mengine, andika ripoti yako kama ulivyosomea, uwaache marehemu wapumzike. Mambo ya mama yako nilikueleza ulipokuwa mtoto na hayajabadilika. Kremenovo Novemba ni baridi kali, vaa soksi mbili.

Mama yako mkubwa,
Tsena


Kremenovo,
5 Novemba 2023

Ndugu Mhandisi,

Umesema niandike wazi. Jana ilikuwa Jumamosi ya Wafu. Nilichemsha ngano, nikainyunyizia sukari, nikaipeleka makaburini kwa mke wangu na kwa mtu mwingine ambaye si ndugu yangu. Nafanya hivyo kila mwaka. Niliporudi nikaona heri niyatoe sasa, kabla sijafa nayo. Kwa padri siwezi, maana padri wetu ni mjukuu wa Gancho, na Gancho yumo katika habari hii. Wewe hunijui, wala hukumjua marehemu, kwa hiyo kwako naweza.

Ukuta wa kusini ulitushinda mara mbili, Februari ile. Unafunga mbao, unamwaga zege, asubuhi unakuta mbao zimeachia na zege limetandaa chini kama uji. Wakubwa walisema ni baridi. Gancho, msimamizi wetu, mtu aliyejenga tangu enzi za baba yake, alisema ukuta unataka kivuli. Wewe ni mtu wa Sofia lakini nadhani kwa bibi yako uliyasikia. Mafundi wa zamani walikuwa wanampima mtu kivuli chake kwa uzi au kwa utete, yeye mwenyewe asijue, halafu wanaujengea ule uzi ndani ya ukuta. Ukuta unasimama. Mwenye kivuli hamalizi siku arobaini.

Chama kingesikia tungefungwa wote. Gancho akanituma mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo wao, mke wangu ana mimba na kazi naihitaji. Akaniambia, "Saa sita, wa kwanza kupita. Usichague. Ukichagua umeua. Usipochagua, ni siku yake tu."

Ilikuwa tarehe moja Machi. Kamba zote za kupimia zimo stoo, na stoo imefungwa. Nimesimama chini ya ukuta, jua linawaka na theluji bado ipo pembeni, kengele ya shule imekwisha kulia, nami naomba kimoyomoyo asipite mtu. Akashuka mwendesha kreni wetu. Alikuwa mwanamke, jina lake Rusa Kolarova. Siku hiyo alikuwa anagawa uzi wa Machi, ule mwekundu na mweupe, kama desturi ya kutakiana afya, na mafundi wote alikuwa amekwisha kuwafungia mikononi. Akaniona, akasema, "Stamen, wewe bado." Akakata kwa meno kutoka kwenye donge lake, akaniwekea uzi kiganjani. Halafu akasogea hatua tatu, akalikabili jua, akanipa mgongo, akafungua kilemba chake na kuanza kukifunga upya. Alikawia.

Nilimshukuru Mungu, au shetani, sijui, kwamba nimepata uzi na mtu kwa wakati mmoja. Nikapiga magoti nyuma yake nikijifanya natafuta msumari. Nikapima kuanzia kisigino hadi mwisho wa kichwa pale chini, uzi ukatosha. Nikauzungusha kwenye msumari, na mchana ule ule nikaupachika kati ya mbao, usawa wa kifua, hatua nne kutoka pembe ya kushoto.

Ukuta ukasimama. Siku ya thelathini na nane Rusa akafa. Alikuwa na miaka thelathini na mtoto mdogo wa kike.

Sasa unajua. Mkiuvunja ukuta mtamtoa mle ndani, na sijui atakwenda wapi. Nilimuua mara moja, Mhandisi. Nakuomba usinifanye nimuue mara ya pili.

Stamen Vranchev


Sofia,
14 Novemba 2023

Mama mkubwa,

Nakutumia nakala ya barua ya Stamen. Isome ukiwa umekaa.

Nimerudi kutoka Kremenovo juzi. Nimeutoboa ukuta wa kusini mahali sita kutoa vipande vya kupima, na kila mara nilikuwa nahesabu hatua ili nisiwe karibu na pembe ya kushoto. Mimi huyu, mwenye shahada mbili. Stamen alikuwa ameketi kwenye ngazi, masikio ni yale yale. Alivua kofia kunisalimu, hakusogea. Mimi pia sikusogea, nikajifanya nina shughuli na mashine.

Niliposoma barua yake mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilitamani kwenda kumpiga, kwa jinsi alivyompima mama yangu kama mtu anayepima sanduku. Mara ya tatu nilimwonea huruma hadi nikalia. Mtu amebeba hilo miaka hamsini na kila mwaka anachemsha ngano.

Lakini uzi hauui mtu, wewe na mimi tunajua. Na nikishasema hivyo sina budi kuendelea. Baridi ya kibandani haimmalizi mtu wa miaka thelathini mwezi Aprili, na vumbi la saruji huchukua miaka ishirini. Haya nilipaswa kuyafikiri zamani, na sikuyafikiri kwa sababu ulinipa jibu nami nikalishika. Sasa nakuuliza nikiwa na miaka hamsini na sita, si saba. Mama alikufa na nini?

Nevena


Burgas,
25 Novemba 2023

Mwanangu,

Nimekaa, nimesoma, nimeinuka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Haya, sikiliza.

Mama yako alikuwa na ugonjwa wa damu. Tuliambiwa Januari ile kule Plovdiv, mimi na yeye kwenye benchi moja, daktari anaongea huku anatazama dirishani. Alisema labda hadi Pasaka. Rusa akanikataza kukuambia. Akarudi kwenye kreni kwa sababu, alisema, kule juu hakuna wa kumwonea huruma. Akafa Jumatatu ya wiki kuu, daktari hakukosea sana.

Wewe ukaja ukaniuliza nani amemuua. Hivyo ndivyo ulivyouliza, nani, si nini. Ningekuambia Mungu ungemchukia Mungu, na miaka ile tayari alikuwa na wachache wa kumpenda. Jengo lilikuwa pale pale dirishani kwetu, kubwa, baya, halina moyo wa kuumia. Nikakupa jengo. Nilidhani ukikua utaliacha, na ulipokua ukaenda kusomea ujenzi nikaona nimechelewa. Nisamehe, mwanangu. Nilikudanganya na nikaona raha ya kutoulizwa tena.

Lipo la pili. Tarehe moja Machi ile Rusa alirudi nyumbani anacheka, na alikuwa hajacheka wiki nzima. Akaniambia, "Dada, leo nimewaachia kivuli changu." Kule kibandani alikuwa anaona kila kitu, na kreni ikizimwa alikuwa anasikia pia. Alimsikia Gancho akimfundisha yule kijana. Alijua wanamngoja wa kwanza kupita saa sita. Na saa sita, kengele ya shule ikilia, ni nani aliyekuwa anatangulia watoto wote kukatiza pale mbio, akamwone mama yake kabla ya chakula? Ulikuwa wewe, kila siku ya Mungu.

Nilimwambia hayo ni mambo ya vibibi. Akasema, "Hata mimi siyaamini. Lakini sitayajaribu kwa Nevena." Akasema na hili: yule kijana mikono ilikuwa inamtetemeka mno, ikabidi afunge kilemba mara mbili ili amalize kupima. Ulifika dakika chache baadaye, akakufungia uzi wako mkononi, mkaja nyumbani.

Sikujua kwamba Stamen alijilaumu. Ningejua ningemwambia pale getini. Mwambie wewe.

Tsena


Sofia,
11 Desemba 2023

Mzee Stamen,

Kwanza niseme jina langu vizuri. Paunova ni la mume. Mimi ni Nevena, binti wa Rusa Kolarova, yule mtoto mdogo uliyemtaja. Nilijua wewe ni nani, nikanyamaza, nawe ukanifungulia moyo ukidhani unamwandikia mgeni. Naomba radhi. Manispaa nao nimewaambia na kutaka kujitoa. Wamempa mhandisi mwingine avikague vipimo vyangu, akavikuta sawa, wakasema nimalize.

Sasa la pili, na ulisome polepole. Hukumuua mama yangu. Alikuwa na ugonjwa wa damu, na daktari alikuwa amekwisha kumwambia tangu Januari kwamba hatavuka Pasaka. Mama yangu mkubwa Tsena alikuwapo. Tena mama alijua ulichokuwa unafanya. Aliwasikia wewe na Gancho akiwa juu. Alishuka makusudi, akasimama makusudi, kwa sababu wa kwanza kupita pale kila siku saa sita nilikuwa mimi. Jioni alimwambia dada yake kwamba mikono yako ilikuwa inatetemeka, akafunga kilemba mara mbili ili umalize.

Kuhusu jengo, nilikuja Kremenovo nikitaka kuliona chini. Zege la ukuta wako ni gumu kuliko lolote la miaka ile nililowahi kupima. Kilicho kibovu ni paa, kama ulivyosema, na maji ya paa ndiyo yaliyoharibu mengine. Nimeandika hivyo hivyo. Nimeandika uwanja uchimbuliwe upandwe miti, kwa sababu hapo watu wana haki kabisa. Hawalipendi jengo, na hilo lina uzito wake, lakini mimi mwenyewe nimelichukia tangu utotoni kwa kosa ambalo halikulifanya, na sasa naona haya kuwaombea wengine adhabu ile ile niliyoitaka mimi. Wanasema linawakumbusha foleni na hotuba. Foleni haikupangwa na ukuta. Wakishalibomoa, kumbukumbu watakuwa nayo bado, na watakuwa hawana ukumbi.

Uamuzi ni wao, si wangu. Mimi nimesema nilichokikuta.

Nevena, binti wa Rusa


Kremenovo,
4 Februari 2024

Nevena, mwanangu, kama utaniruhusu,

Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Siku ile ile ilipofika nilikwenda hadi ukutani nikaweka mkono pale hatua nne kutoka pembeni. Wasichana wawili waliokuwa wanapiga soga kwenye ngazi wakaniuliza kama naumwa. Nikawaambia naangalia kazi yangu.

Mkutano ulifanyika Jumatano, humo humo ukumbini. Watu walijaa. Paa linavuja kwenye ndoo katikati ya mkutano, to, to, to, Mitko akasema paa limekwisha kupiga kura. Ripoti yako ikasomwa yote na wengi wakanuna. Kisha wakaniita kama fundi wa zamani. Nimejitayarisha nusu ya maisha yangu kuuombea ule ukuta, nikasimama, na maombi yote yakaniishia mdomoni. Nikasema, "Jengo ni baya. Tulilijenga sisi, siyo wakubwa, na paa lilitushinda. Mkilibomoa sitalia. Mkiliacha, lipeni paa." Wakacheka, wakapiga makofi. Kura kumi na moja za madiwani zikasema libaki na uwanja uchimbuliwe, nane zikakataa. Mitko amenuna, lakini kahawa tumekunywa.

Umeona tulivyopishana. Uliyetaka livunjwe umeliokoa, na mimi niliyeomba nimeliachia.

Ila kwako sitaki kusema uongo. Habari ya mama yako mkubwa nashindwa kuiamini, kwa kuwa ni nzuri mno. Ugonjwa naukubali, daktari ni daktari. Lakini kwamba alijua, hapana. Watu wakimwona mzee amekaribia kwenda humpikia maneno laini ambayo hayahitaji meno. Labda amekupikia wewe, labda wewe umenipikia mimi, na sikulaumu. Mimi nilikuwapo. Alinipa mgongo, na mtu anayejua hampi mwenziwe mgongo. Nilimwibia, hata kama alikuwa wa kufa. Ahsante kwa wema wako, lakini hili acha niendelee nalo mwenyewe.

Stamen


Sofia,
23 Februari 2024

Mzee Stamen,

Nimemsomea Mama mkubwa barua yako kwa simu, kwa sauti kubwa hadi majirani wa ghorofa mbili wamejua habari zetu. Anasema hajawahi kupika neno laini tangu azaliwe, na kwamba matufaha yako yalikuwa na funza na hakukuambia kwa adabu tu.

Ushahidi mwingine sina. Ningekuwa mtu wa kutoboa ukuta kutafuta uzi ningekuja na mashine, lakini hata tukiupata hautasema chochote. Siwezi kukulazimisha uamini.

Ndani ya bahasha nimekuwekea uzi wa Machi. Nimeusokota mwenyewe, mwekundu na mweupe, kama mama alivyonifundisha, na ni wa kwanza kuusokota tangu afe. Ufungiwe tarehe moja, uuvue ukimwona korongo wa kwanza.

Nevena


Kremenovo,
1 Machi 2024

Nevena, mwanangu,

Uzi ulifika jana. Leo asubuhi nikaupeleka kwa Mitko anifungie, maana mtu hajifungii mwenyewe. Umenizunguka mkono mara moja, fundo, na ncha mbili za kuning'inia. Mitko akasema mhandisi amepima sawasawa. Nikamwambia wacha ujinga, ndivyo ulivyo uzi wa Machi popote uendapo, ni shibiri moja, hakuna anayekata zaidi. Nikayasikia maneno yangu mwenyewe, nikatafuta kiti.

Siku ile tulikuwa mafundi kumi na wanane. Kumi na saba mama yako aliwafungia mikononi, kila mmoja shibiri yake. Wa kumi na nane ni mimi, na mimi hakunifungia, aliniwekea kiganjani. Miaka yote hii nimekumbuka alivyoukata kwa meno. Leo ndiyo nimekumbuka kwamba kabla ya kuukata aliuvuta, mikono yake yote miwili ikanyooka kama ya mtu anayepima kitambaa, pima nzima sawa na kimo chake, akaongeza kidogo, ndipo akaung'ata. Kivuli cha Machi ni kirefu kuliko mwenyewe, kila fundi anajua hilo, na nilipopima ukafika kisigino hadi kichwani ukabaki kama vidole viwili.

Nami nilikuwa sijamwomba kitu.

Stamen